Firigisi ya Jaduong'

Enzi zetu kuku alikuwa na firigisi moja. Najua hata leo anayo moja, msinicheke, lakini ninyi wa rika langu mnanielewa. Kuku hakuchinjwa ovyo, na akichinjwa, firigisi ilikuwa na mwenyewe kabla maji ya kumnyonyolea hayajachemka. Baba akiwa safarini ilikaushwa juu ya moto, ikamngoja. Sisi watoto tulipewa shingo na miguu, tukalamba vidole mpaka kwenye kiwiko. Mama yangu aliipika miaka yote na hakuijua ladha yake.

Nilikulia Ndhiwa. Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga unga, akikaa Migori wiki nzima. Mama alikwenda Karungu kununua omena na kuja kuwauza sokoni kwetu, na nguo zake zilinuka samaki kuanzia Jumapili hadi Ijumaa. Siku ya Sabato tu ndipo alinukia sabuni, akavaa kitambaa cheupe kichwani, nasi tukamwona kama mgeni.

Shule tulikwenda miguu mitupu, tukitafuna miwa ambayo hatukuulizana imetoka shamba la nani. Tulicheza kati, tukimlenga aliye katikati kwa mpira wa makaratasi ya nailoni, tukaruka blada za mpira wa baiskeli mpaka sketi zikapasuka. Ole wako useme Dholuo ndani ya boma la shule! Ulivishwa shingoni kipande cha ubao tulichokiita diski, ukatembea nacho mpaka umnase mwenzako. Nikiwahadithia watoto wangu wananiuliza hiyo diski ilikuwa na nyimbo ngapi.

Neno moja tu la Dholuo halikuwa na adhabu, kwa sababu hata walimu walilitumia: jaduong'. Maana yake ni mtu mkubwa, mtu wa heshima. Lakini mzee yeyote mwenye mvi ni jaduong' pia, hata kama hana mbuzi. Nao wazee wetu hawakuona haja ya kuyatenganisha hayo mawili.

Shuleni petu jaduong' alikuwa mmoja. Mzee mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua la Januari, na kazi yake ilikuwa maji. Kabla kengele haijalia alikuwa amekwisha kupanda kilima kutoka chemchemi mara tatu, akisukuma baiskeli nyeusi iliyofungwa mitungi minne ya plastiki. Akifika juu alikuwa akiipapasa tandiko na kuiambia, "Erokamano." Ahsante. Baiskeli, jamani!

Alishukuru kila mtu na kila kitu. Ukimrudishia kikombe, erokamano. Ukimpisha njiani, erokamano. Mvua ikimlowesha chapa, anatazama juu, erokamano. Tulimwigiza sana, Mungu atusamehe. Kwenye kati, kiranja akiwa mbali, aliyepigwa na mpira ilimbidi ainame aseme erokamano kwa sauti nzito ya uzee, nasi tukaanguka chini kwa kicheko. Siku moja alitukuta, akacheka hata akafuta machozi, kisha akatushukuru kwa kumchekesha.

Nilikuwa darasa la saba siku ya wazazi ilipofika, na mgeni wa heshima alikuwa mtu wa kwetu aliyepata cheo kikubwa Nairobi. Wiki nzima tulipaka sakafu kinyesi cha ng'ombe na kupiga chokaa mawe ya njiani. Mimi nilichaguliwa kupeleka maji ya kunawa na chakula, kwa kuwa mikono yangu haikutetemeka. Jikoni alisimamia Madam Mumbua, mwalimu mpya kutoka Kitui. Alikuwa na muhula mmoja tu kwetu na alikuwa akijifunza Dholuo kwa bidii, neno hili leo, lile kesho, na kila alilolipata alilitumia papo hapo.

Kuku wa mgeni alipoiva, Madam alitenga firigisi na paja kwenye sahani ya maua, akaifunika kwa nyingine.

"Haya, mpelekee jaduong'," akaniambia. "Haraka, isipoe."

Hakukosea neno. Alimaanisha mkubwa, na jaduong' ni mkubwa. Lakini mtoto wa enzi zetu hakumuuliza mwalimu maswali, na jaduong' niliyemjua mimi alikuwa nyuma ya jiko, ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Alikuwa amechoka hoi, maana siku hiyo alipanda kilima mara tisa. Nilifurahi kweli. Nikasema moyoni, afadhali, leo wamemkumbuka.

Nilimnawisha mikono, nikapiga magoti, nikamwekea sahani. Alifunua, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni ya nani?" akaniuliza kwa Dholuo.

"Ni yako. Madam amesema nikuletee," nikamjibu kwa Dholuo pia, huku nikiangalia kama kiranja yuko karibu.

Alinitazama mimi, akatazama magoti yangu yaliyo vumbini. Kisha akavua kofia, akaomba, akala. Alikula polepole, firigisi kwanza, na hakubakiza.

Huko mezani mgeni alikuwa akigeuza vipande kwa kijiko. Akacheka. "Hedimasta, kuku wa siku hizi wanazaliwa bila firigisi?" Watu wakacheka, na hedimasta akacheka kwa meno tu. Kwetu, mgeni akipewa kuku asiye na firigisi ameambiwa mbele ya watu kwamba yeye si kitu. Madam alikuwa amekwenda kugawa soda. Hedimasta akaja jikoni peke yake, akazunguka nyuma, akaiona ile sahani ya maua mapajani mwa mzee.

"Nani amefanya hivi?"

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na birika mkononi. Jaduong' alinitazama mara moja. Akasimama, na kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akasema, "Mimi ndio nimekula, mwalimu."

Hakusema uwongo hata kidogo, wala hakunitaja. Hedimasta akadhani ameidokoa jikoni. "Kesho usije," akamwambia. Basi. Miaka yote ile ya maji ikaishia hapo. Mzee akavaa kofia, akasema erokamano, akachukua baiskeli yake. Jioni Madam alipoelezwa, naye akaamini kwamba mzee alininyang'anya njiani.

Mimi nilinyamaza. Ninasema wazi kwa sababu ningali naona haya: niliogopa kiboko, na zaidi ya kiboko niliogopa baba asikie.

Kuanzia asubuhi iliyofuata maji tulichota wenyewe, kila mtoto na galoni yake, tukishuka kilima na umande na kupanda na jua. Shingo ziliuma. Vidole vilikatwa na vishikio. Wadogo wa darasa la pili walimwaga nusu njiani, wakalia, wakarudi. Kufikia siku ya tatu hakuna aliyecheza tena ule mchezo wa erokamano. Hatukuambizana tuuache. Tuliuacha tu.

Ijumaa mama alirudi mapema kupika chakula cha Sabato kabla jua halijatua. Akaniona nikiushika mtungi wa nyumbani kwa mkono wa kushoto.

"Una nini mkononi?"

"Tunachota maji ya shule."

"Na yule mzee wa baiskeli?"

Hapo nilipasuka. Nilieleza yote, kuanzia sahani ya maua mpaka kofia, nikilia na makamasi. Nilingoja kofi lakini halikuja. Mama alimaliza kuchambua omena wake, akanawa mikono, akaketi.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu, "mtu mkubwa unamjua akiondoka. Shingo yako imekwisha kukuambia. Anaitwa nani?"

"Jaduong'."

"Nimeuliza jina lake."

Sikulijua. Nilikuwa nimekunywa maji yake tangu darasa la kwanza na sikujua jina lake. Mama alitikisa kichwa, na huko kutikisa kichwa kuliniuma kuliko kofi. "Kesho tukitoka kanisani utakwenda kumuuliza," akasema.

Tulikwenda na nguo zetu za Sabato. Nyumba yake ilikuwa ndogo, imefagiliwa vizuri, na baiskeli imeegemezwa ukutani, imeoshwa. Mkewe alituletea viti, mama akanisukuma mgongoni kidogo. Nikapiga magoti. Neno lililotoka kinywani lilikuwa lile lile tulilolichezea, erokamano, na safari hii halikunichekesha. Nikaomba msamaha. Nikamuuliza jina.

"Zablon," akasema, akitabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Kisha akaniambia nisimame nisichafue gauni.

"Firigisi za hapa nyumbani nimekula, mtoto wangu," akaendelea. "Lakini hizo ni haki yangu, huyu mama hana la kufanya. Ya kuletewa na watu, siku ya wageni, na mtoto amepiga magoti, sijapata ila hiyo moja. Nilijua imepotea njia. Sasa ningekuambia uirudishe, uchapwe? Nikaona heri niile."

"Sema ukweli, ulikuwa na njaa!" akadakia mkewe, na mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka siku ya Sabato, alicheka mpaka kitambaa kikamtoka.

Jumatatu nilikwenda ofisini kabla ya gwaride. Hedimasta alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa viboko viwili vya mkononi. Nikanywea pale pale nikingoja ruhusa ya kutoka. Hakunipa. Alikaa akitazama dirishani, akasema, si kwangu, "Na mimi sikumuuliza." Halafu akachukua kofia yake, akatoka.

Saa nne tulikuwa darasani na Madam Mumbua tulipoona watu wawili wakipanda kilima. Jaduong' alitangulia, mikono mitupu. Nyuma yake hedimasta wetu, na tai yake shingoni, alikuwa akisukuma baiskeli nyeusi yenye mitungi minne, jasho likimtiririka kama mvua. Darasa zima lilisimama madirishani na Madam hakutuketisha. Walipofika juu, Jaduong' alipapasa tandiko, akasema erokamano.

Hedimasta, huku akihema, akajibu, "Karibu."

Mpaka leo sijui mzee alikuwa akimshukuru nani.

Sasa ninaishi Homa Bay mjini. Maji yanatoka bombani, yakitaka. Firigisi zinauzwa kwa kilo, zimepangwa kwenye sinia la plastiki, na wanangu wanazila na chipsi wakitazama simu. Za kuku wangapi, hawajui. Sioni wivu. Nafurahi binti zangu wanaijua ladha ambayo bibi yao hakuijua. Lakini vijana wetu wana ukubwa wa bei rahisi: kila mtu ni bosi, kila mtu ni mkubwa, makanga wa gari ni cheameni. Na shukrani wameinyoa hadi ikabaki herufi mbili za kuandikwa kwenye simu kwa kidole gumba. Sisi tulikuwa na firigisi moja, kwa hiyo ilitulazimu kufikiri ni ya nani. Mara nyingi tulikosea, lakini angalau tulifikiri.

Zablon alitutoka zamani, na hedimasta ndiye aliyesoma jina lake kaburini, majina yote matatu, pasipo kutazama karatasi.

Juzi nilipika kuku wa kienyeji, mzima, wa soko la Ndhiwa. Nikaitenga firigisi kwenye sahani, nikaifunika, nikamwita kitinda mimba wangu.

"Mpelekee jaduong'."

Baba yao alikuwa sebuleni akitazama mpira, babu mzaa baba alikuwa uani, na langoni mzee wa mkokoteni alikuwa akiteremsha maji, maana bomba lilikuwa limegoma tangu jana. Mtoto aliangalia huku na kule.

"Jaduong' nani, mum?"

Hilo ndilo swali nililopaswa kumuuliza Madam Mumbua siku ile. Ningeuliza, nisingechapwa, sahani ingefika mezani kwa mgeni kama ilivyokusudiwa, na Zablon angekufa bila kuletewa.

Nashukuru sikuuliza.