Kwanza Niambie Wewe ni Nani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi za ofisi moja ya uwakala wa mizigo Changamwe, juu ya duka la matairi, cheti changu cha kompyuta kimo mkobani. Meneja wa Mifumo hakukitazama. Alinionyesha kiti, akaniagiza niandike, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, programu ndogo ya kuonyesha orodha ya makontena. Nilipomaliza nikamwita kwa furaha. Akaniuliza kama orodha ile ingemfungukia hata mpita njia. Nikajibu ndiyo, tena kwa majivuno, maana sikujua nimetegwa.

"Binti, programu ikikuonyesha kitu kabla haijakuuliza wewe ni nani, hiyo bado haijaisha," aliniambia. "Kaa uimalizie."

Nilimwona mkaidi. Lakini maneno yale ndiyo yaliyonilisha mpaka nikastaafu, na nyinyi mnaoanza kazi hii leo nawapa bure.

Siku zile kila ukurasa wa wavuti tuliuwekea ulinzi wake wenyewe. Mtu akiingia kwa jina na nenosiri, seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa, humfungulia sesheni, ambayo ni kumbukumbu kwamba fulani ameshaingia. Basi juu ya kila ukurasa tuliandika mistari ya kuangalia kama anayeuomba anayo sesheni. Kurasa zikiwa nyingi, ni rahisi kuusahau mmoja wapo, na hutajua mpaka mtu apite.

Kutoka Changamwe nilikwenda hoteli moja Nyali, chini ya Mhasibu Mkuu ambaye sikuwahi kumsikia akisema ahsante. Kisha nikaajiriwa na hospitali binafsi Kisauni. Mkurugenzi wake alikuwa daktari mwenye sauti ya chini, na akikuita polepole, "Bi Maimuna," ujue pana jambo.

Asubuhi moja aliniita hivyo. Nilimkuta ameketi na Saumu, mwalimu wa Utange, chai aliyowekewa haijaguswa. Saumu alikuwa amekaa miaka mingi akiomba mtoto. Mwaka uliotangulia, kabla mimi sijaajiriwa pale, alipimwa mimba kwetu. Mtu wa mapokezi, jirani yake, alinakili anwani ya ukurasa wa majibu akamtumia wifi yake Saumu kwa simu, kwa nia ya kumpa hongera. Ukurasa ule uliandikwa kwa haraka bila ulinzi wowote. Wifi alibonyeza, ukafunguka. Wakwe wakampigia Saumu vigelegele kabla hajamwambia mumewe. Kisha mimba ikatoka, na wale wale wakawa wanamtazama tumbo kila akipita.

Sasa alihisi ana mimba tena.

"Shikamoo, Bi," aliniambia. "Sitapimwa hapa mpaka nijue majibu nitayaona mimi kwanza. Na wallahi, sina nguvu za kwenda kuanza kwengine."

Nilimwitikia marahaba. Mkurugenzi akasema kama hatuwezi kulinda siri ya mtu mmoja, atauzima mfumo wote turudi kwenye mafaili ya karatasi.

Mwenzangu Kazungu alitaka tuongeze mistari kwenye ukurasa ule uliovuja, yaishe. Nilikataa. Niliandika filta, yaani programu moja ya Java inayosimama mbele ya kurasa zote, kila ombi likipitia kwake kwanza. Asiye na sesheni hurudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Kazungu akashauri tuitajie kurasa za kufunga. Nikamwambia hapana, ifunge zote, sisi tuitajie zile chache za kuacha wazi, ili hata ukurasa utakaoandikwa kesho na mtu msahaulifu uwe umefungwa tangu kuzaliwa. Tulipoijaribu mara ya kwanza ilifunga hata ukurasa wenyewe wa kuingia, tukabaki nje sote, Kazungu akinicheka mpaka akatoa machozi. Tuliutaja ule, tukaingia.

Midomo ya watu wa mapokezi sikuweza kuiwekea filta. Kwa hiyo niliongeza swali la pili: hata anayeomba ukurasa akijulikana, je, hili linamhusu? Mapokezi wakabaki na miadi. Majibu yakawa ya daktari na ya mgonjwa mwenyewe, aliyepewa nenosiri lake.

Saumu aliporudi, ile anwani ilikuwa bado imo kwenye simu yake, wifi alikuwa amemrushia. Mkurugenzi akaibonyeza mwenyewe. Ukatokea ukurasa wa kuingia. Basi, mjanja yule, akakaa kwenye kompyuta yake, akaingia kwa nenosiri, akafungua majibu, akatoka kwenye mfumo, halafu akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Hapo ndipo wengi huumbuka, kwa kuwa kivinjari, programu ya kufungulia kurasa, huweka nakala ya kilichokwisha kuonekana. Mimi nilikuwa nimeshakikataza. Ukurasa wa kuingia ukamkodolea macho.

"Hata mimi?" akauliza.

"Hata wewe, Daktari," nikamjibu, na furaha niliyoisikia siku ile sijui nikuelezeni vipi.

Saumu alipimwa siku hiyo hiyo. Majibu aliyafungua mwenyewe, akamwambia mumewe kwa kinywa chake. Wifi alizipata habari tumbo lilipoonekana, kama majirani wote. Binti aliyezaliwa sasa anasoma shule.

Nimestaafu mwaka huu, nikaagwa kwa leso na keki. Asubuhi iliyofuata, nyumbani Jomvu Kuu, vidole vyangu kwa mazoea viliandika anwani ya hospitali. Nikaweka jina na nenosiri. Yakakataliwa, Kazungu alikuwa ameshanifuta. Nikajaribu ile anwani ya majibu ninayoijua kwa moyo, nikarudishwa palepale, nikatakiwa kusema mimi ni nani. Filta niliiandika mimi, mstari kwa mstari, na haikunijua.

Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni, mpaka jirani akaja kuuliza ni harusi ya nani.