Nifukuze, Mama Amin

Pale Kyuso mwaka wa 1981, ukiamka pua imeziba na kichwa inagonga kama mtu anapiga bati, hakuna mtu alikuuliza umemeza dawa gani. Uliulizwa, "Umeenda kwa Mama Amin?"

Mama Amin ni Mwanamisi. Babake, Mzee Shee, alitoka Lamu na mzigo wa leso begani, akaja kuuza huku, akasahau kurudi. Kwa hivyo Mwanamisi alizaliwa kwa vumbi na ndengu kama wengine wote, lakini Kiswahili ya kwao ilibaki ile ya bahari, imepigwa pasi mpaka kwa kola.

Kazi yake ilikuwa kufukiza. Sufuria ya maji imechemka na majani ya mkaratusi na mchaichai, kigoda, na blanketi moja ya kijivu nzito kama dhambi. Unafunikwa wewe na sufuria yako, unatoka jasho mpaka unakumbuka watu uliowakosea. Ukitoka, pua iko wazi, unasikia harufu ya mbuzi wa jirani hata kama hukutaka.

Shida ilikuwa neno. Watu wa Kyuso hawakuwa na habari na ile "i" ya kufukiza. Walikuja tu, mmoja mmoja, na pua zao: "Mama Amin, nimekuja unifukuze."

Naye hakuchoka. "Nikufukuze uende wapi, na hata kukaa hujakaa?"

Sheria yake ilikuwa moja: ndani ya blanketi lazima uongee. Imba, tukana shemeji, hesabu mbuzi, shauri yako. Kuna mwanamume aliwahi kunyamaza humo, Mwanamisi akadhani anasikia raha, kumbe amezimia, uso karibu na sufuria. Aliponea kidogo tu. Tangu hiyo siku, ukinyamaza, blanketi inatolewa. Na ukiwa na pumu au mimba, alikutuma zahanati bila hata kukupa kigoda.

Sasa, Jumatano moja asubuhi, aliyekuwa ndani ya blanketi ni Ndila, mke wa Nzomo. Uso ulikuwa umemvimba juu ya pua wiki mbili. Mtoto wake, Kasyoka, wa miezi sita, alimwacha na mama mkwe. Bwana alikuwa mbali, mji wa Kambu, anaziba panchari za malori, na mara ya mwisho alipokuja nyumbani waliachana na maneno mabaya, hata chai hakumaliza.

"…na mbuzi wa tatu ni ile yenye kiburi," Ndila alikuwa anahesabu, sauti imezibwa na blanketi, "na wa nne…"

"Hodi! Mama Amin!"

Mzee Kivuva, baba mkwe wa Ndila. Amesimama nje ya ua, kofia mkononi.

"Ngojea hapo hapo, mzee. Kuna mwanamke ndani hajavaa."

Kivuva akageuka haraka akaangalia barabara. Mtu wa heshima zake. Hakujua mwanamke mwenyewe ni nani.

"Nimeletewa telegramu ya Nzomo," akasema akiwa amewapa mgongo. "Karani wa huko alikataa Kikamba, ikaandikwa Kiswahili. Nimesoma mimi, nimesoma tena, sijapenda. Lakini wewe ndio mwenye Kiswahili. Ukisema ni hivyo, basi. Sanduku ya yule msichana nimeshaitoa nje."

Karatasi ikapitishwa juu ya ua. Mwanamisi akaisoma.

NDILA AFUKUZWE MARA MOJA. NAKUJA JUMAMOSI. NZOMO.

"Inasema nini?" Kivuva akauliza.

Nyuma ya Mwanamisi, blanketi ilikuwa imenyamaza.

Mwanamisi akasikia hiyo kimya kwa shingo. Mbuzi wa nne hakufika. Akaruka, akavuta blanketi yote kwa mara moja, mvuke ukampiga usoni. Ndila alikuwa macho. Amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi na jasho hazijulikani gani ni gani. Akatikisa kichwa: usimwambie niko hapa.

"Mama Amin? Inasema nini?"

Angeweza kudanganya. Herufi moja tu, na nani angemuuliza? Lakini Jumamosi Nzomo angefika na mdomo wake mwenyewe.

"Inasema afukuzwe," akasema.

Kivuva akashusha pumzi. "Basi."

"Simama kwanza, mzee. Mvua ya mwisho ulikuja hapa na goti."

"Ii. Lilikuwa linaniua."

"Ulifika kwa huu ua ukasema nikufanye nini?"

"Nilisema…" Mzee akakwama. Akakuna kichwa. "Nilisema unifukuze."

"Na nilikufukuza?"

"Ulinifunika blanketi."

"Na huyo mtoto wako, alipokuja na mgongo, alisema Kiswahili gani? Yako ama yangu?"

Kivuva akazungusha kofia mkononi.

"Lakini waligombana," akasema mwishowe. "Mimi nilisikia. Na hata nani alimwambia msichana ni mgonjwa?"

"Gabow, yule wa lori ya mbuzi, analala Kambu kila safari. Huyo hawezi kubeba habari na kuinyamazia."

"Pengine. Lakini mimi siwezi kurudisha sanduku kwa sababu ya pengine. Itakaa hapo nje mpaka Jumamosi. Na wewe utakuja, Mama Amin, ndio Kiswahili isitupotezee mtu."

Siku tatu hizo Ndila alipita kando ya sanduku yake kila akitoka kuchota maji. Mama mkwe alimshika Kasyoka kidogo zaidi ya kawaida, kama mtu anayeanza kuzoea kumlea peke yake. Na kila asubuhi Ndila alienda kwa Mwanamisi, akafunikwa, akahesabu mbuzi hao hao.

"Na kama alimaanisha ile nyingine?" aliuliza Ijumaa, ndani ya mvuke.

"Hesabu, mwanangu."

Jumamosi Nzomo akaingia bomani, grisi bado kwa kucha. Akaona sanduku. Akaona babake, Mwanamisi, mamake na mtoto mgongoni, Ndila mlangoni, wote wamesimama kama wanapigwa picha.

"Kwani nini?" akasema. Halafu akamwangalia babake. "Ndila amefukuzwa ama hajafukuzwa?"

Ndila akashika mlango.

"Amefukuzwa," Mwanamisi akajibu polepole, macho kwa macho. "Wewe ulisema mara moja. Sisi tulimfukuza mara tatu."

"Mara tatu!" Nzomo akatupa mfuko chini, akamwendea mkewe, akamgusa juu ya pua kwa kile kidole kichafu. "Na imefunguka? Gabow aliniambia hata kupumua huwezi. Kweli unasikia harufu?"

"Nasikia," Ndila akasema. "Unanuka tairi."

Mzee Kivuva akaifuata sanduku pale nje. Aliinama, na lile goti lake, akabeba sanduku mwenyewe, akapita nayo katikati yao mpaka ndani.

Alipotoka alikuwa ameshika kiuno, anachechemea.

"Mama Amin," akasema, "Jumatatu nakuja unifu…" Akasimama. Akafikiria sana. "Unifunike blanketi."