Ndege Isiyopitisha Ng'ombe

Nilikuwa fundi katika timu ya kuchagua na kuandaa ndege ya kumpeleka Rais kwenye ziara za mikoani. Zilibaki ndege mbili. Wakubwa walipenda yenye viti vya ngozi. Mimi nilitaka yenye matairi manene, maana kiwanja cha changarawe hakiheshimu cheo cha mtu. Nilibishana nao mpaka wakanichoka, tukachukua yangu. Tukafunga humo redio za mawasiliano, kitanda cha mgonjwa na meza ya kusainia.

Kosa langu ni kumsimulia baba. Anaishi kijijini Ringwani, ambako ziara ingefika, na wazee wenzake walikuwa wamemchagua ampokee Rais kwa zawadi.

"Mlango wake unapitisha ng'ombe?" akaniuliza kwenye simu.

"Tata, hiyo ni ndege ya Rais."

"Ndiyo maana nauliza. Mtu mkubwa anapewa kitu kinachotembea. Nyie mlidhani huku atapewa peremende?"

Nilimweleza habari za uzito na usalama. Alisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema inaonekana kwenye timu yetu hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda ukweni.

Siku ya ziara akapeleka kiwanjani maksai mwekundu, yule anayefungwa nira na mwenzake kulima shamba la mama. Mama hakuulizwa. Rais akashika kamba, vigelegele vikapigwa, na kwetu mgeni akishashika kamba mnyama ni wake, hata akimwacha. Akamwacha. Alimwomba baba amtunzie, akapanda ndege yangu, ikaruka vizuri kabisa. Nilijivuna sana mbele ya runinga.

Kumbe balaa ndiyo kwanza linaanza. Baba alikataza maksai yule kufungwa plau, ati si adabu kumtumikisha ng'ombe wa mkubwa. Basi mnyama akawa anakula, analala, ananenepa. Akiingia kwenye mihogo ya jirani, jirani anampisha. Mvua zikakaribia. Mashamba ya wenzetu yote yalikuwa yamelimwa, la mama bado gumu, na yule maksai wa pili peke yake hawezi plau. Nyumba ile inakula kutoka shamba hilo tu, kwa hiyo niliogopa kweli. Nikampigia baba kumbembeleza. Akanijibu kwamba kosa ni la mlango.

Asubuhi moja mama akanipigia. Nyuma yake nilimsikia baba akilalamika.

"Shikamoo mama. Kuna nini huko?"

"Marahaba. Nalima."

"Na maksai gani?"

"Wote wawili. Huyo wa Rais ndiye anavuta vizuri zaidi, amepumzika sana. Baba yako anauliza tutamjibu nini Rais akirudi. Nimemwambia, Rais akirudi atataka ugali. Huo ugali atalima nani, yeye baba yako?"