Buti za Theluji Siku ya Kuoshwa Miguu

Jamani, nimechoka kuisikia hii habari kwa midomo ya watu wengine. Kila nikienda nyumbani Butiama nakuta imeongezewa chumvi, mara nilizimia, mara paroko alikimbia altare, kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe, na aibu yangu yote, halafu tuifunge. Ni kweli niliingia kanisani Alhamisi Kuu nimevaa viatu vya wazungu vya kutelezea kwenye theluji. Ni kweli vilikataa kuvulika. Lakini kuzimia sikuzimia.

Ilianza na simu ya baba. Parokiani kwetu, siku hiyo, kila jumuiya inatoa mtu mmoja wa kukaa mbele na kuoshwa mguu na paroko, wanakuwa kumi na wawili kama mitume, na kuchaguliwa ni heshima, kuna watu wanasubiriga mpaka wanazeeka. Jumuiya yetu ilimchagua baba. Akanipigia Bunda, ninakopanga chumba huko Kabasa tangu nimalize chuo (chuo nilimaliza vizuri tu, kazi ndiyo haijajibu), akasema, "Magesa, kwenye nafasi yangu utakaa wewe. Nimeshaongea na mwenyekiti."

"Baba, si wamekuchagua wewe? Ni magoti?"

"Magoti yanavimba ndiyo, lakini kufika ningefika. Watu wanasemaga niliuza ng'ombe nikasomesha mtu wa kulala. Nataka wakuone umekaa mbele. Basi."

Mtu mwingine angesema asante baba, akapiga pasi shati. Mimi nikaanza kuwaza miguu yangu. Mnajua kwetu hakuna anayekwenda kuoshwa na miguu michafu, watu wanasugua visigino kwa jiwe tangu asubuhi, ili paroko aoshe kitu kilichokwisha kuoshwa. Na ilikuwa masika. Nikawaza, nikivaa sandozi, tope jeusi la kule litanifika kwenye vifundo, paroko atashika mguu wa mtoto wa mzee aliyesomeshwa kwa ng'ombe, maji kwenye beseni yageuke chai. Nikivaa raba buti, nitatoa jasho, mguu utanuka, paroko yuko pale chini na pua yake. Nikawaza hivyo siku kadhaa (tasnifu yangu ya chuo sikuiwazia hivyo), nikafikia uamuzi kwamba nahitaji kiatu ambacho tope haliingii kabisa, halafu ni kigumu, halafu kina heshima.

Sokoni, kwenye viatu vya mtumba, nikaviona. Vyeusi, vya plastiki ngumu kama ndoo, virefu, na mbele vina vifungo vya chuma vya kubana, vile kama vya tranka la shule.

"Hizo ni za mgodini, kaka," jamaa muuzaji akaniambia bila kuangalia. "Jiwe likikuangukia, jiwe ndilo linapasuka."

"Maji yanaingia?"

"Yaingie yapitie wapi?"

Nikavinunua, na hapo ndipo nilipokosea. Yaliyofuata yote ni matawi.

Asubuhi ya Alhamisi nikasugua miguu, nikapaka mafuta, nikavaa soksi mpya, nikafunga vile vifungo mpaka mwisho. Kwenye basi mambo yalikuwa mazuri, nimekaa. Nikashuka njia panda, nikapanda pikipiki, pikipiki ikaenda mpaka pale barabara inapogeuka uji, dereva akasema, "Bosi, mimi mwisho hapa," na kutoka hapo ni mwendo wa miguu.

Sasa, hivi viatu havikunji. Vinakuinamisha mbele, magoti yamekunjika kama mtu anayetaka kukaa akakuta hakuna kiti, na kila hatua mfupa wa mbele wa mguu unagonga plastiki. Sijafika hata kwenye mashamba ya mihogo, vidole vimekufa ganzi na kisigino kinawaka. Nikalegeza vifungo vya juu, nikapata nafuu, nafuu ya kweli, nikashukuru Mungu. Halafu nikawaza, si hapa sasa tope linaweza kuingia? Nikavibana tena. (Ningevua hapo. Ningetembea pekupeku kama watu wote niliokuwa napishana nao, nikafika nikaomba maji bombani. Nalijua hilo. Msiniambie.) Kifungo cha mguu wa kulia kilikataa kubana, tope limeingia kwenye meno yake, nikakigonga kwa jiwe kikabana vizuri sana, na ule mkono wake wa kufungulia ukakatika ukabaki kiganjani mwangu. Nikauweka mfukoni. Nikajiambia nitalifikiria hilo nikifika.

Nilifika wimbo wa kuingia umeshaanza. Sakafu ya kanisa ni ya saruji, na mimi ko, ko, ko, magoti yamekunjika, watu wakageuka benchi baada ya benchi. Upande wa akina mama nikasikia, "Huyo si Magesa? Kasoma mpaka miguu imepinda!"

Baba alikuwa mbele, amevaa koti lake la harusi, fimbo katikati ya magoti. Akaniangalia chini, akanipandisha juu, akanishusha tena.

"Hicho ni nini?"

"Buti, baba."

"Za nini?"

"Za tope."

Akaelekeza fimbo kwenye benchi kule juu altareni. "Nenda ukakae."

Wakati ulipofika, wenzangu kumi na mmoja wakavua viatu vya kulia, safi, mara moja. Mimi nikainama nikawa najifanya naomba. Paroko akaja akipiga magoti kwa mmoja mmoja, katekista nyuma yake na beseni na jagi, mpaka akafika kwangu, akapiga magoti, akakiangalia kile kiatu kwa muda. (Paroko wetu alisoma Ulaya.) Akainua macho, akaninong'oneza, "Magesa, hivi ni viatu vya kuteleza kwenye theluji. Unajua?"

"Sikujua, Baba Paroko."

"Fungua hiki."

Nikatoa ule mkono wa chuma mfukoni, nikamwonyesha.

Akajaribu kwa vidole, ikashindikana. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaangaliana, ikaanza upya ubeti wa kwanza. Katekista akaweka beseni chini akashika kisigino akavuta, mimi nikashika benchi, benchi likaja na sisi, na mzee wa jumuiya ya jirani aliyekuwa kando yangu akatua na makalio ndani ya beseni. Kanisa lote, jamani. Watoto walicheka kwanza, halafu wakubwa, halafu hata kwaya. Mtu akasema kwa sauti, "Ng'ombe wa watu hao!" Na hilo ndilo lililoniuma, mguu niliusahau. Sikuweza kumwangalia baba.

Nikasikia fimbo. Baba alikuwa amesimama. Alipanda zile ngazi za altare moja moja, akijishika goti, kanisa likatulia, akafika, akanisukuma kwa nyonga nisogee, akakaa. Akavua kandambili.

"Baba Paroko, osha huu. Ni nyumba ileile."

Paroko akaosha. Mimi nikakaa pembeni yake na buti langu mpaka mwisho, maana baba alikuwa amenishika mkono hapo kwenye kiwiko, na sijui kama alikuwa ananizuia nisikimbie au nini.

Baada ya misa katekista akaazima koleo kwa fundi baiskeli wa hapo jirani, wakakata kile kifungo huko sakristia. Mguu ulitoka umevimba, una mistari ya zambarau, ukucha wa kidole gumba mweusi. Na msafi. Hakuna hata doa la tope. Katika mipango yangu yote ya maisha, ndiyo pekee iliyotimia, na aliyeiona ni katekista.

Nyumbani mama akachemsha maji akatia chumvi ya kutosha. Baba akaburuta kigoda mpaka mbele yangu, akaketi kwa shida, akaniambia nitie miguu. Mimi machozi yakaanza.

"Usinililie hapa. Mguu ukivimba unautia humu, halafu unauinua juu ya kiti, halafu samli. Mimi ndiyo kazi yangu kila siku." Akasugua pole pole, kati ya vidole. "Ulikuwa msafi huu."

"Niliusugua asubuhi, baba."

"Nimeona."

Akaendelea kusugua, na mimi kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuwaza kitu.

Mwaka huu jumuiya imemchagua tena (nadhani kwa sababu wanataka kucheka), na baba amenipigia tena. Nimekubali. Zile buti kuku wa mama anatagia ndani ya moja. Nitashuka njia panda, nitavua viatu palepale, nitembee pekupeku, tope linifike kwenye kucha na linifike magotini likitaka, na nikiketi mbele nitatoa mguu kama ulivyo. Kuosha siyo kazi yangu.