Waya Ulioshika

Mume wangu alinipiga kwa waya. Si fimbo, si mkanda. Waya wa kompyuta, wa kijivu, wenye plagi ya meno mengi kila upande, na plagi ndiyo iliyokuwa ikichana. Nalisema mapema ili anayesoma asidhani nitamweleza habari za mitambo tu. Mimi nilijua kuchagua waya kabla sijajua unafanya kazi gani, kwa sababu kila waya mbovu ulimalizikia mgongoni mwangu. Majina ya wote waliohusika ninayo, hata la muuza duka, lakini siyaandiki. Wana wajukuu.

Tulikaa Kilifi, njia ya Bofa, miaka ya themanini, zamani za feri, kabla ya daraja. Yeye alitumika melini, mtu wa redio, akateremka na mguu mmoja usiokunjika. Alikuwa na leseni ya kuongea hewani na wenzake wa nchi nyingine. Mjerumani mmoja aliyekuwa akihama alimwachia redio kubwa, na kompyuta ndogo ya kuunganisha na televisheni. Juu ya paa akasimamisha antena, ukiitazama kama miiba ya samaki nguru.

Watu hao wa redio wana setilaiti yao huko juu. Sauti yako yapanda, yaipiga, yashuka upande mwingine wa dunia. Lakini kwa vile setilaiti yaenda, stesheni nayo yateleza, na lazima mtu aifuate kwa kuizungusha redio saa zote. Yeye kazi hiyo aliipa kompyuta. Kompyuta iliizungusha redio, na ndiyo iliyoifungua kusema na kuifunga. Kati ya hizo mbili palikuwa na waya mmoja. Waya ukiachia, redio ni bubu, na setilaiti haikungojei.

Wa kwanza ulikuwa wa bei rahisi, na hewa ya bahari ikala plagi yake. Aliniita nikiwa nafua.

"Nani amefagia humu?"

"Mimi, nani mwingine?"

"Umeuvuta."

Sikuuvuta. Akauchomoa akanipiga nao mdomoni. Jino hili la juu lilitoka siku ile, nikalitema sakafuni mbele yake, naye akaniambia nifagie tena.

Mguu wake haukupenda safari, basi akanituma mimi Mombasa. "Ukileta mbovu, utaujua," akasema. Nikavuka feri mdomo umevimba, nikashika njia, nikasimama mbele ya kaunta ya Bohora mmoja, Mhindi muuza vyombo vya redio. Naye alikuwa mtu wa hewani, mtambo wake ulikuwa ghorofani juu ya duka.

"Nataka usiokatika," nikamwambia.

Akacheka. "Dada yangu, kila mtu ataka huo." Kisha akaona mdomo, akaacha kucheka, akatoa nyaya zote alizokuwa nazo akazimwaga mbele yangu.

Alinifundisha. Waya hufia shingoni, pale unapoingia kwenye plagi. Ukunje hapo kwanza. Chini ya ngozi yake pawe na wavu wa shaba uliozunguka pande zote, si nyuzi tatu za kudanganyia, maana bila wavu nguvu ya redio yaingia kwenye kompyuta ikaruka akili. Meno ya plagi yawe ya rangi ya dhahabu, haya meupe chumvi yayala. Pawe na skrubu za kukaza, usichomoke wenyewe. Usiwe mrefu kuliko haja. Mwisho aliufunga kwenye mita yake akautikisa, tukatazama mshale kama watikisika. Nikamwomba nitikise mwenyewe. Niliutikisa kama ninayenyonga kuku.

"Taratibu, dada, utauua waya!"

"Afadhali ufie hapa," nikasema.

Akanitazama, akageuka kutafuta karatasi ya kufungia.

Nilirudi kwake tena na tena. Hata waya mzuri una ajali zake: mara panya, mara chumvi ilipenya. Kila ulipokufa nilipigwa nao ule uliokufa, kisha akautundika msumarini. Ukutani palijaa. Mimi nilipoingia kuleta chai nilizipita kichwa chini, kila mmoja nikiujua ulinikata wapi.

Jirani yetu wa upande wa pili wa ua wa makuti alikuwa akisikia vizuri. Mume wangu akianza, yeye alifungulia taarabu kwa sauti. Asubuhi yake huniuliza, "Jana mlikuwa na wageni, shoga?" Siku moja nilikimbilia kwake damu zikinitiririka hadi kisiginoni. Alinipa maji. Mumewe akanishika mkono akanirudisha. "Mambo ya mke na mume hayo, sisi tuingie wapi?"

Kaka yangu alikuja kutoka Dabaso akautazama mgongo wangu, alama mpya na za zamani, akalia. Lakini akasema, "Kwa kadhi tutaulizwa mashahidi. Mimi naona makovu. Nani amekuona ukipigwa, au amekusikia?" Nikamtajia jirani. Akaenda, akarudi. Jirani hakusikia kitu.

Basi nikabaki, na nilichokuwa nacho cha kujikinga ni kuchagua vizuri.

Waya wa mwisho niliuchagua mpaka duka likakaribia kufungwa. Meno ya dhahabu, wavu mzito, skrubu nne, nikazikaza mwenyewe mbele ya mume wangu. Alasiri ya kesho yake setilaiti ilipochomoza, kompyuta ikaanza kubadilisha namba zake, redio ikafuata bila kusita. Nilisimama mlangoni nikashusha pumzi.

Akaita. Akaita tena. Mtu wa mbali akamjibu kwa Kizungu, neno nisilolijua, na wengine huko hewani wakacheka. Nikaona shingo yake inavimba. Akaweka maikrofoni juu ya meza. Akaushika waya, akauvuta: umeshika. Akatazama plagi: imekaza. Akautazama tena mzima, mwanzo mpaka mwisho, kama anayeuomba uwe na kosa. Kisha akanitazama mimi.

"Wewe umenuna nini?"

Hapo nikajua. Waya hauna kosa, na bado.

Akachukua mmoja msumarini. Pigo la kwanza lilinipata shingoni, la pili jichoni. Nikaanguka kati ya meza na ukuta. Nikaukumbatia ule mguu usiokunjika nikauma, naye akaniangukia, akanishindilia plagi kichwani kama mtu anayepasua nazi. Nikapiga kelele kumwita mama, "Mayo wee!" Na mwanamke mwingine akapiga kelele, "Mayo wee!" Nikadhani jirani amekuja. Nikilia, naye alia, nyuma yangu kidogo tu, mle mle chumbani. Alikuwa katika spika.

Ilikuwa mimi. Kompyuta ilikuwa bado imeifungua redio, maikrofoni iko mezani, na waya wangu haukuachia. Sauti yangu ilikuwa ikipanda juu na kunirudia.

Naye alisikia. "Nyamaza!" akasema, na mbingu ikamwambia, "Nyamaza!" kwa sauti yake mwenyewe. Akabaki mkono juu.

Ikaja sauti ya tatu. Niliijua, ni ya yule Bohora wa kaunta. "Bwana, huyo ni dada yangu wa nyaya? Mwache. Nakusikia, bwana. Twakusikia wote. Mwache!"

Akanipiga moja la mwisho, la hasira ya kusikiwa. Kisha akarukia waya auchomoe. Haukuchomoka, skrubu zilikuwa zimekaza. Akauvuta kwa mikono miwili, kompyuta nzima ikaburutika ikamwangukia mguuni, ule mzima, na kupasuka. Yeye akalia. Mimi nikatoka kwa miguu mitupu, jicho limeziba, nikaenda zangu Dabaso.

Kwa kadhi kaka alisimama akasema aliyoyaona, na Bohora akasimama akasema aliyoyasikia. Mume wangu alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akachechemea miguu yote miwili.

"Shekhe, huyu bwana alikuwa Mombasa. Mambo ya chumbani kwangu Kilifi atayasikiaje?"

"Asema kwa redio," kadhi akajibu. "Redio yako yafika Mombasa?"

Nilimtazama kwa jicho langu moja. Neno moja tu lilimtosha: haifiki. Angelisema, ningerudishwa njia ya Bofa siku ile ile. Bohora naye alikuwa akimtazama, mtu wa redio kwa mtu wa redio.

Akanyoosha kola ya kanzu. "Yafika," akasema. "Yafika hata ng'ambo, tena safi."

"Basi amesikia," kadhi akasema, akageukia kwangu kuniuliza nataka nini. Nikataja talaka.

Nje, Bohora alinipa pole. Kisha akasitasita, akaniuliza kama ule waya ulibaki mzima. Nikamwambia akamwulize mwenyewe, mimi nakwenda Dabaso.