Mishumaa ya Omuteete

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa mshumaa. Nilikuwa bi arusi wa juzi tu, nimetoka kwetu Nyakakika kuolewa Nyakatuntu, na mikono yangu ilijua jembe na kisu cha kumenyea ndizi, basi. Sista Msimamizi wa chumba cha nta pale misheni aliigeuza mikono hiyo mbele na nyuma, kisha akanionyesha rundo la masega yaliyokwisha kukamuliwa asali.

"Anza na hayo," alisema. "Mshumaa utaugusa ukishaijua nta."

Ninyi vijana mnaobonyeza swichi mnaweza kudhani nta hutoka mzingani ikiwa safi. Wapi! Hutoka na mabawa ya nyuki, majani na masizi ya moshi wa warinaji. Tuliyachemsha masega katika maji, tukayakamua ndani ya gunia, tukaacha maji yapoe. Nta huelea na kuganda juu, na uchafu hushikamana chini yake, ndipo unaukwangua kwa kisu. Halafu unaiyeyusha tena na kuichuja kwa kitambaa. Kwetu, kabla ya misheni, asali ilikwenda kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, na masega tuliyatupa migombani. Nilipoona tulichokuwa tukikitupa, niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Baadaye nilipandishwa, nikawa msukaji wa tambi. Utambi ni ule uzi wa katikati, nao ndio moyo wa kazi. Tulisuka nyuzi za pamba, tukauchovya msuko katika nta, tukauvuta unyooke kabla haujakauka. Utambi mwembamba huzama katika nta yake mwenyewe na kuzimika. Mnene hutoa moshi. Sista hakuwa mtu wa maneno mengi. Akikuta msuko mbaya aliufumua wote mbele yako na kukurudishia uzi. Nilimwogopa, na nilimpenda pia, maana alichokijua hakukificha.

Kisha vita ya pili ya dunia ikatufikia kwa njia yake. Mafuta ya taa yakawa adimu madukani, watu wakala chakula cha jioni wakipapasa sahani. Ndipo Bwana Shamba, yule afisa wa kilimo, alipokuja kutukusanya wanawake na kututangazia kuwa kutakuwa na maonyesho Bugomora. Pale Bugomora palikuwa na banda la bati lililojengwa kuwekea ngozi, likabaki tupu. Alisema atamkabidhi funguo mwanamke atakayeonyesha mshumaa uliotengenezwa nyumbani kwa vyombo vya nyumbani, ili awafundishe wenzake humo.

"Lakini nta ya huku inanuka moshi," akaongeza. "Watu wanalalamika kuwa nyumba inanuka mzinga unaoungua."

"Mimi nitatengeneza unaonukia vizuri," nilisema.

Mdomo wangu ulitangulia akili. Sikuwahi kuona mshumaa unaonukia, wala sikumjua aliyewahi kuuona. Mume wangu aliponisikia nikieleza nyumbani alicheka, kisha akasema kwa upole, "Ukilipata banda, nenda kafundishe. Ukilikosa, uiache nta, urudi kibanjani. Migomba inakungoja." Sikubishana naye. Lakini nililitaka lile banda jinsi mtu anavyomtaka mtoto. Nilikuwa nimechoka kuwa mikono ya kazi ya mtu mwingine.

Nilimwomba Sista aniazime kalibu, vile vyombo vya bati vya kumiminia nta.

"Sikukuu inakaribia," alinijibu. "Kalibu haziondoki hapa. Nawe umeambiwa vyombo vya nyumbani."

Alikuwa na haki. Nikakata mianzi, nikaipasua kwa urefu, nikavifunga vipande viwili viwili kwa kamba za mgomba, na kuvilowesha maji ili nta isigandamane navyo. Chini niliziba kwa udongo. Huko ndiko kalibu zangu zilikotoka, na hadi leo sioni kasoro yake.

Harufu ndiyo ilinitoa jasho. Kwetu mwanamke akitaka kunukia hujipaka samli iliyofukizwa kwa omuteete, ile nyasi ya milimani yenye harufu inayokaribia ya mchaichai. Nikawaza, kama ngozi inanukia kwa samli, nta itashindwaje? Nikachanganya. Mshumaa ulitoka mzuri wa kupendeza, na jua lilipopanda ukainama mbele yangu kama unanisalimia shikamoo. Nilipouwasha, ukanuka jikoni kwa mtu anayekaanga.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni akisuka mkeka. "Mawe!" alisema, kama mtu asemaye mama yangu wee. "Huo si mshumaa, mwanangu. Hiyo ni mboga. Lete ndizi tule."

Nikaiacha samli. Nikakata omuteete mbichi, nikautia ndani ya nta na kuichemsha wazi kwa moto mkali. Jirani aliyekuwa akipita njiani aliita kutusifu kwa jinsi kwetu kulivyonukia, nami nikavimba kichwa. Lakini mshumaa ule ulipowashwa ulitema mate, ukalia pwa, pwa, ukazimika, na wala haukunukia chochote.

"Mbona unagombana?" mume wangu aliuliza. "Umeukosea nini?"

Siku hiyo nililia. Nililia kwa hasira, nikauokota ule mshumaa na kuutupa migombani, kule kule walikotupa masega wazee wetu.

Asubuhi yake mama mkwe alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa. Kwa wasiojua, hiyo ni kazi ya heshima kwa wafugaji wa huku. Unachoma nyasi kavu zenye harufu, unauelekeza moshi ndani ya kibuyu kilichooshwa, kisha maziwa yakitiwa humo yanakuwa matamu na hayaharibiki upesi. Alinipa kibuyu nishike. Mawazo yangu yakiwa kwenye mshumaa, nikakiacha wazi.

"Funika!" alinikemea. "Nimekwambia tangu uingie mji huu. Harufu ina miguu!"

Nilisimama na kifuniko mkononi. Nikamkumbuka yule jirani njiani. Kumbe harufu yangu ilikuwa imekwenda kwake! Mimi niliichemsha nta wazi, nikawanukishia wapita njia, halafu nikaushangaa mshumaa kuwa mtupu. Na zile nyasi mbichi zilikuwa zimeingiza maji katika nta, ndiyo maana ulitema mate. Nyasi za kufukizia vibuyu hazitumiwi mbichi hata siku moja, na mimi nilikuwa nimelijua hilo tangu utotoni!

"Mama," nilimwambia, "njoo unisaidie kufukiza nta."

"Nta haifukizwi."

"Basi njoo uifunike."

Alikuja. Tulianika omuteete kivulini, maana jua nalo ni mwizi wa harufu. Ulipokauka tukaukatakata. Nta tuliiweka katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya kubwa yenye maji, kama Sista alivyonifundisha, ili moto usiiguse na kuiunguza. Nyasi zikaingia, jani la mgomba lililobabuliwa likafungwa mdomoni, kifuniko kikafuata, na jiwe juu yake. Maji hayakuruhusiwa kuchemka. Kila nilipotaka kuchungulia, mama mkwe alinipiga mkononi kwa mwiko. Tulipochuja na kumimina, niliona anavyovuta pumzi kuinusa.

Siku ya maonyesho mvua ilinyesha juu ya bati hadi humsikii mtu wa pembeni yako. Ndani mlikuwa na giza, na baridi ikatia meno. Banda lilikuwa bado linanuka ngozi za zamani, na watu walioloa walijazana humo na vikapu vyao vya kahawa. Mkungu, yaani mkubwa wa kijiji, aliutazama mwanzi wangu, maana mshumaa nilikuwa nimeuacha humo usivunjike njiani.

"Tutawasha mwanzi?" aliuliza, na watu wakaangua kicheko.

"Utoe mshumaa, Mama," alisema Bwana Shamba.

Nikaushika utambi nikavuta. Hautoki. Nikavuta tena, na nikahisi uzi unaanza kuachia. Kama ungechomoka, mshumaa ungekuwa tonge la nta, na banda lingekwenda. Kicheko kikaongezeka.

"Kata kamba!" ilikuwa sauti ya mama mkwe kutoka nyuma. "Ulifunga kwa nini kama hutaki kufungua?"

Nikakata kamba za mgomba. Mwanzi ukafunguka pande mbili, na mshumaa ukabaki kiganjani mwangu, wa manjano, umenyooka. Nikauwasha. Upepo uliupepesua, lakini haukuzimika. Haukutema mate. Tukangoja. Kisha mzee mmoja aliyekuwa pembeni kabisa, karibu na mlango, akainua kichwa.

"Nani anafukiza vibuyu humu?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Wanawake walianza kusogea mbele, mmoja mmoja, wakivuta hewa. Ile harufu ya ngozi ilikuwa imeondoka, na kila mtu mle ndani alikuwa amerudi kwao asubuhi, wakati wa kukamua maziwa. Mkungu alikaribia mpaka nikahofia ndevu zake. Sista naye, aliyekuwa amekuja kuona maonyesho, akauinamia mwali wa moto na kuukagua.

"Utambi huu umefundishwa na nani?"

"Na wewe, Sista."

"Najua," alisema. "Nilitaka wasikie." Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka kwa meno.

Bwana Shamba alinipa funguo mbele ya watu wote. Vigelegele vya kwanza nilivipiga mwenyewe, sikungoja kupigiwa.

Nililiongoza banda lile hadi karibu na uhuru. Wakubwa walibadilika juu yangu. Bwana Shamba wa pili alitaka tuharakishe kwa kuongeza moto. Nilimwambia, "Bwana, ukiongeza moto utawanukishia Waganda ng'ambo ya mto wa mpakani." Akapunguza. Wanawake waliotoka Bugomora na vijiji vya jirani walijifunza humo, wakarudi makwao na mianzi yao, na nyumba zikapata mwanga usionuka mzinga. Mama mkwe alijifanya mkaguzi. Alikaa kwenye kigoda karibu na jiko akilinda vifuniko, na akaendelea hivyo mpaka miguu ilipomkatalia. Tulipomzika, mishumaa iliyomzunguka ilitengenezwa na mikono aliyoipiga mwiko.

Nilipostaafu, niliyemwachia funguo aliniomba neno la mwisho. Walitegemea niseme lile walilolisikia kila siku: Funika. Na mimi nilidhani nitalisema hilo. Lakini sufuria ilikuwa jikoni, nta iko tayari, na nje barabara ilikuwa imejaa watu wa mnadani. Nikaondoa jiwe. Nikabandua jani la mgomba. Wanawake walipiga kelele, "Bibi, harufu itatoka!"

"Leo iacheni itembee," nikawaambia. "Ina miguu."

Nikafungua mlango. Barabarani, watu walisimama na ng'ombe wao, wakageuza nyuso zao upande wetu.