Nukta Pale Sokoni

Kazi yangu hapa Iringa ni kukusanya taarifa za visima vilivyochimbwa Nyanda za Juu Kusini na kuziingiza kwenye mfumo mmoja wa kompyuta. Ofisi moja ilipima kina kwa futi, nyingine kwa mita. Hiyo ni hesabu tu. Kinachonipandisha hasira ni mahali, maana sisi hutaja mahali kwa mwenye nyumba: Kwa Mchungaji, Kwa Fundi Baiskeli. Mwenyewe akifa, watu wanabadilisha jina, na kisima hakijulikani tena kilipo.

Taarifa moja ya zamani ilisema: "Kwa Mwalimu, vilimani juu ya Uyole. Uchimbaji umesitishwa, hewa mbaya." Hewa hiyo hutoka kwenye miamba ya volkeno. Haina harufu, na hutuama chini ya shimo ikimngoja mtu. Nilikataa kuiingiza taarifa hiyo mpaka nipajue mahali penyewe. Mkuu wangu akachoka kunisubiri. Kwa kuwa mfumo ulidai namba za mahali, aliweka nukta katikati ya soko la Uyole, kama alivyofanya kwa taarifa zote zisizojulikana zilikotoka.

"Tutarekebisha baadaye," alisema.

Baadaye! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ramani ikatolewa kwa umma: sokoni pamejaa nukta, vilimani peupe. Weupe ule uliniogopesha kuliko nukta zote.

Kaka yangu ni fundi wa visima Mbeya. Asubuhi moja alinitumia ujumbe wa sauti: "Dada, hongereni. Nimeangalia ramani yenu, huku tunakochimba hakuna shida." Nikapiga simu hapohapo. Akapokea mkewe, ambaye humvutia ndoo za udongo.

"Wifi, mnachimba kwa nani?"

"Kwa Mjane, huku juu vilimani."

"Marehemu mumewe alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mh, ngoja nimwulize." Nikasikia sauti ya mjane mwenyewe ikijibu taratibu. "Anasema alikuwa mwalimu, shule ya hapahapa."

"Mtoe kaka! Mtoe sasa hivi, na mtu mwingine asishuke!"

"Jamani wifi, mbona unanitisha? Yumo shimoni anaimba, kama kawaida yake. Msikilize mwenyewe."

Akaishusha simu mdomoni mwa kisima. Nilisikia upepo, na kamba ikisugua ukingo.

"Wifi," nikasema, "simsikii."

Akaanza kumwita mumewe.